Bunduki Iliyokuwa Darini kwa Mama

Tulipokuwa tukibadilisha mabati ya nyumba ya mama huko Karungu, fundi alishuka ngazi akiwa amekumbatia kitu kirefu kilichofungwa kwa gunia. Alikiweka chini taratibu, akafuta mikono kwenye suruali.

"Mwalimu," akaniambia, "hii mimi sigusi tena."

Ilikuwa bunduki. Ya zamani, kitako cha mbao, chuma kimeshika kutu lakini si sana. Hilo ndilo lililonisumbua, kwa sababu dari ile ilivuja miaka yote niliyoijua.

"Ni ya babu yako," mama akasema upesi. Babu, baba mkwe wake, alipigana Burma akiwa katika Keya, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza, na alishafariki zamani. Nilimuuliza kama aliwahi kumwona nayo. Akaingia jikoni.

Nikampigia simu baba mdogo, mwanajeshi mstaafu, ambaye ndiye aliyeishi katika nyumba ile kabla ya mama kuhamia. Alifika mapema kuliko nilivyotarajia. Aliinyanyua bila kusita, akavuta komeo, akachungulia ndani.

"Tatu-sifuri-tatu," akasema. "Waingereza walianza nayo, wakawapa Wahindi, Wakanada, Waaustralia, mpaka sisi Waafrika. Imepigana vita vikuu vyote viwili. Nilipokuwa mlinda amani Afrika Magharibi, askari mmoja wa India aliniambia polisi wa kwao bado wanaibeba."

Alizungumza kwa furaha, kama mtu aliyekutana na rafiki wa shule. Kisha akaanza kuirudisha kwenye gunia.

"Nitaipeleka polisi mwenyewe. Kesho."

"Kwa nini isiwe leo?"

"Kwani huniamini?"

"Fundi ameiona, baba. Kufikia jioni soko zima litajua."

Hiyo ilikuwa kweli, ila si kweli yote. Mpaka wa Tanzania hauko mbali na kwetu, na mwizi wa ng'ombe akiuziwa bunduki haulizi ina umri gani. Nilimpigia chifu simu pale pale, mbele yake. Baba mdogo aliketi kwenye kiti, gunia likiwa magotini, akanitazama kwa namna ambayo hakuwahi kunitazama kabla.

Chifu alikuja na maafisa wawili wa polisi, na mama akawaambia kwamba bunduki ni ya babu. Afisa mmoja aliigeuza bunduki kuelekea mwanga, akasugua chuma karibu na komeo kwa kidole gumba.

"Mzee wenu alirudi lini kutoka vitani?"

"Vita vilipoisha tu," mama akajibu.

"Basi si yeye aliyeitoa huko. Hii imetengenezwa India, na mwaka uliogongwa hapa, vita vilikuwa vimeisha kitambo."

Sote tukageuka kumtazama baba mdogo.

"Mnaniangalia nini?" akafoka. "Mzee alikuwa na marafiki wengi ng'ambo. Labda alinunua."

Waliandika maelezo yetu, wakaondoka na bunduki. Hakuna aliyekamatwa, wala hakuna aliyerudi kutuuliza zaidi. Fundi alimaliza mabati, ingawa kuanzia siku hiyo alikuja na mwenzake.

Niliwahi kujiambia kwamba huenda babu aliinunua kweli. Lakini babu alikuwa hata panga lake akilionyesha kila mgeni. Mtu kama huyo angefichaje bunduki?

Mama hataki niligusie jambo hilo. Baba mdogo akija, anampikia samaki na kuku, anamuuliza habari za wajukuu, anacheka naye. Ila mama akitaka kwenda kuteka maji, humwomba watoke nje pamoja, kisha hufunga mlango na kuuweka ufunguo kifuani.