Shawa ya Adalgisa

Adalgisa, mfuma masweta wa mjini Lages, kusini mwa Brazili, alikuwa na kipenzi ambacho hakumficha mtu: shawa yake ya umeme. Majirani walipomshauri anunue mtambo wa gesi wa kupasha maji, aliwaambia wazi kwamba wana pesa za kuchezea. Shawa ya umeme haina tangi wala haisubiriwi. Ukifungua koki, maji yanatoka moto papo hapo. Ukitaka yachome zaidi, unayapunguza. Katika mji ambao asubuhi za Juni majani huamka meupe kwa jalidi, hiyo ni neema, na mimi niko upande wake.

Kasoro yake ilikuwa moja, na mtaa mzima ulikuwa umeizoea kama ulivyozoea umbea. Koki zilipiga shoti. Basi watu walioga na kandambili za mpira miguuni, na maji waliyafunga kwa kuishika koki na taulo kavu. Mgeni akishtuka, walimcheka.

Baba mkwe wa Adalgisa, Mzee Leontino, alihamia kwao baada ya kufiwa na mkewe. Haukupita muda Valdenir, mume wa Adalgisa, akaanza kunung'unika kwamba mzee haogi. Bafuni hawakumsikia, na taulo lake lilikuwa kavu siku zote. Huko kwao kukosa kuoga siku moja tu ni aibu isiyosemeka. Dada zake Valdenir walipokuja kula Jumapili, waliapa kwamba wanasikia harufu, wakasogeza viti. Wakakata shauri apelekwe nyumba ya wazee, maana akili zimemruka. Adalgisa alimpenda yule mzee, na roho ilimuuma.

Asubuhi moja alitoka uani kuchukua kuni, akamkuta mzee kifua wazi kwenye sinki la kufulia, akijimwagia maji ya baridi kwa kopo, midomo ikimtetemeka. Kumbe kuoga alikuwa anaoga, tena kila siku.

Alimfunika shali, akamkalisha karibu na jiko la kuni, akamtilia kahawa. Mzee alikunywa nusu kikombe, akasema:

"Ile koki ilinirusha mpaka ukutani. Usimwambie Valdenir, mwanangu. Ile shawa aliifunga kwa mikono yake, na anajivunia."

"Baba, ufe kwa kichomi kwa sababu ya kumstahi mtu mzima na ndevu zake?"

"Ni mtoto wangu."

Adalgisa aliitunza siri hiyo mpaka chakula cha mchana tu. Valdenir alicheka, akasema shoti ndogo haijamuua mtu, nyumba zote ndivyo zilivyo.

"Basi nenda bafuni sasa hivi," Adalgisa alimwambia. "Peku. Uishike koki kwa mkono mtupu."

Valdenir alijiongezea chakula.

Alasiri hiyo Adalgisa alileta fundi. Waya wa kijani, ule wa kupeleka ardhini umeme uliopotea njia, ulikuwa umekatwa na kuviringishwa utepe. Wanaume wa huko huukata wakidhani ni wa ziada. Valdenir naye aliukata. Fundi alizika fimbo ya shaba uani, akaunga waya, akafunga na swichi ya kukata umeme ukivuja. Lakini nani angethubutu kujaribu? Adalgisa aliingia wa kwanza, peku, akamwomba Bikira Maria, akaikamata koki kwa mikono yote miwili. Mwanamke yule ana moyo, tumpe haki yake.

Kisha akaingia mzee. Mvuke ukapenya chini ya mlango, na muda ukapita. Valdenir alibisha hodi.

"Baba, toka basi, na wengine tuoge."

"Subiri," mzee alijibu kutoka ndani. "Mimi nimesubiri baridi yote hii."

Valdenir alikaa sakafuni kando ya mlango, na hakubisha tena.