Kitambaa cha Kiti Kikubwa

Likizo ya Agosti mwaka jana niliimaliza nikiwa na sindano ya kroshia mkononi, na si mimi niliyeomba. Ilianza na simu. Mama alikuwa ametoka kazini, ameweka simu kwenye spika juu ya meza ili avue viatu huku akiongea na dada yake mkubwa aliye Kamukuywa, kule Bungoma, nyumbani alikozaliwa mama. Walikuwa wakipanga siku ya wageni wa mahari ya dada yangu. Baba yetu hakuwahi kupeleka ng'ombe wa mahari kwao mama, kwa hivyo mambo ya dada yalikuwa mikononi mwa wajomba, na wageni wangepokelewa huko Bungoma, si hapa Kitale kwenye chumba chetu cha kupanga.

Kila mtu alikuwa ametaja anacholeta. Mjomba mmoja mbuzi, mwingine mchele, mama mkubwa kuku. Mama alivua kiatu cha pili. Halafu akasema, "Kitambaa ya kile kiti kubwa, hiyo mtuachie. Msichana anafuma."

"Nani? Huyo wako hasalimiangi watu?"

"Mdomo ndio hauongei. Mkono unaongea."

Nilikuwa nyuma ya pazia nikikata sukuma wiki, nikaacha kukata. Kufuma kwenyewe nilikuwa nimekuanza juzi tu, likizo ilipoanza.

Kwetu wageni wa mahari hawakalishwi kwenye kochi tupu. Vitambaa vyeupe hufuliwa na kupigwa pasi, kila kiti kinavishwa, na kile kikubwa anachokalia msemaji wa wageni ndicho hupewa kitambaa kizuri kuliko vyote. Kabla wageni hawajafika, akina mama wa nyumba hupita wakikishika ukingo, wanakigeuza nyuma waone mafundo, wanaulizana ni kazi ya nani. Mama alijua hivyo. Nafikiri ndiyo sababu alikitaja. Nyumbani kwao yeye ndiye hukaa jikoni, kwa sababu hana mume wa kuketi sebuleni, na mbuzi hakuwa naye.

Aliyekuwa ananifundisha ni shosho wa kibanda cha mboga mbele ya ploti tunamopanga. Si bibi yangu wa damu, lakini ploti nzima humwita hivyo. Yeye hufuma akingoja wateja. Kusema kweli hakunifundisha. Nilikuwa nakaa kwenye kreti ng'ambo ya meza yake, namwangalia vidole, halafu naenda nyumbani kujaribu. Kuzunguka nikae kando yake na kumuuliza, "Hapo umefanyaje?" kulinishinda. Maswali yangu hukwama hapa kooni hadi mtu anaondoka.

Sasa mahali anapomaliza mstari na kugeuza kazi, kidole gumba chake kilikuwa kinafunika shimo la mwisho. Kutoka pale nilipokuwa nakaa sikuliona. Nikadhani mstari umeisha kabla yake. Kwa hivyo kila nilipofika mwisho niliruka shimo moja nikageuza, na kila mstari ukawa mfupi kidogo kuliko uliotangulia. Kidogo sana, huwezi kuona ukiwa unafuma. Mama alikuwa anachambua mahindi kwenye stoo moja ya nafaka, anarudi na vumbi kwenye kope, ananikuta nimeinama kwenye uzi, anasema tu, "Endelea, mama." Nikaendelea.

Jumatano ya wiki ya wageni nilikitandika kwenye kochi letu ili nione kimebakiza kiasi gani. Chini kilikuwa kipana kinafika mikononi mwa kiti. Juu kilikuwa kimebana.

Dada alikuwa anajipaka mafuta miguuni. Aliangalia, akacheka hadi akaketi. "Hii ni sketi. Si uvae tu."

Nikakibeba kwa shosho, mvua ikiwa imeanza. Alikikunja mara mbili, ukingo juu ya ukingo, akaona mara moja.

"Unaruka ya mwisho. Kila ukigeuka unaruka. Na ulikuwa unakaa hapo ukiniangalia siku zote hizo?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Na huna mdomo wa kuuliza, wewe?"

Alisikitika kidogo, nikaona. Akaniambia naweza kukifumua chote nianze upya, ama naweza kukizungushia ukingo wa maua, kitafichika kiasi, ingawa mwenye macho ataona. "Saa zimebaki kidogo," akasema. "Lakini mimi sitaki kukuamulia. Muulize mama yako."

Nilirudi nikamngoja mama. Alipofika alikaa kwenye kochi bila kuvua hata kitambaa cha kichwa. Nilimwonyesha, nikamweleza, nafikiri ndiyo maneno mengi zaidi niliyomwambia wiki ile. Alishika ile kazi mapajani, akaipapasa. Macho yalikuwa yanamfunga.

"Kitafunika kiti?"

"Kitafunika. Lakini kimepinda."

"Ukifumua utamaliza?"

"Sijui."

"Basi fanya vile unaona. Wewe ndio unajua hiyo kitu." Akalala hivyo hivyo, amekaa, kikiwa bado mapajani mwake.

Nilikitoa polepole nisimwamshe. Nilikuwa nimechoka pia, vidole vilikuwa vimefanya alama mahali sindano inakaa. Nikawaza mama mkubwa akikigeuza mbele ya wale akina mama wengine. Nikawaza akimwangalia mama vile anavyojua kuangalia. Nikatafuta ncha ya uzi, nikavuta.

Kufumua hakuna kazi. Kazi ya karibu mwezi ilitoka mstari baada ya mstari, na uzi ukabaki na mawimbi kama nywele zilizotolewa rasta. Ulikuwa pia umeingia uchafu wa mikono yangu, sehemu nyingine nikalazimika kukata. Nikaanza upya, nikihesabu mashimo kwa sauti kama mtoto wa chekechea. Sasa nilikuwa naogopa. Nikiogopa mkono wangu unakaza uzi, na uzi ukikazwa kitambaa kinatoka kigumu na kidogo. Niliona kinatoka kidogo. Sikuwa na nguvu ya kufumua mara ya pili.

Kamukuywa tulifika asubuhi ya Jumamosi. Huko mahindi yalikuwa yameshavunwa, yameanikwa uani kwenye turubai, tofauti na kwetu Kitale ambako bado yalikuwa mabichi. Mama alitoa kitambaa kwenye mkoba wake, kimepigwa pasi vizuri. Mama mkubwa alikipokea, akakiweka juu ya kile kiti kikubwa. Kilikaa katikati ya mgongo wa kiti kama leso.

Alikishika ukingo, akakigeuza nyuma. "Mkono ni mzuri. Imenyooka kabisa," akasema. Halafu, "Lakini hii si ni ya kichwa ya mtoto?"

Akina mama wakacheka, si kwa ubaya. Mama naye alicheka. "Ni ya meza," akasema, haraka. "Ya kuweka chini ya thamosi ya chai."

Basi kikawekwa chini ya thamosi. Kiti kikubwa kilivishwa kitambaa cha mke wa mjomba, chenye pambo la tausi, na msemaji wa wageni akakikalia mchana kutwa. Mazungumzo yalienda vizuri. Dada aliitwa, akaulizwa kama anawajua wale watu, akasema anawajua, vigelegele vikapigwa. Mimi na mama tulivisikia kutoka nyuma ya jikoni, tukiosha sufuria za pilau kwa majivu.

Mama alikuwa anasugua bila kuniangalia. "Ile ya kwanza ingefunika kiti," akasema.

"Ilikuwa imepinda, mama."

"Ilikuwa imepinda. Sasa yule mzee tangu akae hapo umeona ameinuka? Mtu hufunika kitambaa na mgongo. Nani angeona?"

"Mama mkubwa."

Alimwaga maji machafu kwenye migomba. "Huyo angeona, eeh," akasema. "Huyo angeona hata kama ungenyoosha na rula."

Hakuwa amekasirika. Ningependa angekasirika, ningejua la kufanya. Nilitaka kumwambia kwamba nilifumua kwa ajili yake, lakini hilo pia lilikwama, na sasa nikilifikiria sina hakika kama ni kweli. Huenda nilifumua kwa sababu mimi mwenyewe nisingeweza kukaa chumba kimoja na kitu changu kilichopinda. Hata leo ukiniletea kile cha kwanza nadhani ningevuta uzi tena.

Aliniletea sufuria nyingine, ile kubwa ya nyama, iliyoungua chini. "Hii loweka kwanza," akasema. "Tupumzike kidogo." Tukakaa juu ya ndoo tulizozigeuza, tukanyoosha miguu, ndani wakianza maombi ya kufunga.