Rula ya Lipu Kwenye Shingo ya Gitaa

Mwaka 1968, nikiwa na miaka kumi na moja, baba alinitoa darasa la tatu nikaenda kuchuma kahawa kwenye mashamba ya Oldeani, na tangu hapo kila ninachojua nimekijua kwa kutazama, sikufundishwa na mtu, ndiyo maana nina kichwa kigumu, na ndiyo maana hadi leo nikipita sokoni Karatu kuna watu wanageukia pembeni wasionekane wanacheka. Naisema aibu hii mwenyewe kabla hamjasimuliwa na wao, maana wao wanaongeza chumvi na mkasa wenyewe hauhitaji.

Mimi ni seremala, na magitaa natengeneza pia. Mwaka juzi Mama Magdalena, mwalimu wa kwaya yetu, aliniletea gitaa la kwaya, la pekee walilonalo. "Baba Boay," akasema, "nyuzi zimekaa juu, Danieli anaumia vidole, na tamasha la kwaya limebakiza wiki tatu. Atakayeshinda anakwenda kuimba Arusha. Usiniangushe."

Kazi yenyewe si kubwa. Ukitaka nyuzi zishuke, vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo ya gitaa vinatakiwa viwe usawa mmoja, kimoja kikizidi hata kwa unene wa karatasi uzi unakigusa na gitaa linalia kama nyuki ndani ya chupa, kwa hiyo unahitaji rula iliyonyooka kweli ya kuvipimia. Dereva mmoja wa watalii aliniambia rula za mafundi magitaa zipo, ataniagizia, akanitajia bei, nikamuuliza kama inakuja na gitaa lake.

Nikaenda kwa Seif, muuza vifaa vya ujenzi, nikachagua rula ya alumini ya waashi, ile ya kusawazishia lipu, nikamwambia anikatie kipande cha urefu wa mkono.

"Mzee wangu, hiyo ni ya ukuta," akasema. "Ukuta una huruma. Hebu chora mstari kwenye boksi hapo, halafu igeuzie upande wa pili wa mstari, uchore tena kwa ukingo uleule. Mistari ikilala pamoja, chukua."

Nikafumba jicho moja nikaitazama kama mtu anayelenga bunduki. "Imenyooka. Jicho hili limepiga randa miaka hamsini. Wewe unauza misumari."

"Haya, mzee. Jicho ni lako."

(Hapo ndipo ningeokoka. Dakika moja na kalamu.)

Nyumbani nikailaza rula shingoni, nikaona mwanga unapita katikati, nikasema aha, vyuma vya miishoni vimezidi, nikavila kwa tupa mpaka rula ikatulia, nikajipongeza kwa chai. Mazoezini gitaa likavuma. Nikasema nyuzi zimechoka, wakanunua mpya, likavuma. Nikasema ni baridi ya huku kwetu, wakalianika juani kama mahindi, likavuma zaidi. Basi nikasema ni vidole vya Danieli, na Danieli, mtu mzima mwenye mke na watoto wawili, akainamisha kichwa kwa heshima akaendelea na mazoezi.

Siku ya tamasha uwanja wa shule ulijaa, na Seif naye alikuwepo, maana spika na viti vilikuwa vyake. Nilikuja na rula ndani ya koti, kwa kuwa nilishasikia minong'ono. Kwaya yetu ikapanda jukwaani, na wimbo wao unaanzwa na gitaa peke yake, na spika za Seif zile kubwa, basi ule mvumo uwanja mzima waliusikia. Mama Magdalena akashusha mikono. Ningekaa kimya labda yangepita, lakini nilipanda jukwaani, nikachukua maikrofoni, nikasema fundi hana kosa, rula hii hapa, mwenye shaka aje aipime.

Seif akaja, polepole, na kipande cha boksi na kalamu.

"Shikamoo, mzee wangu," akaanza (adabu ile ndiyo iliyonimaliza). Akailaza rula juu ya boksi kwenye meza ya waamuzi, akachora, akageuza, akachora. Mistari ilikutana huku na huku, katikati ikaachana. Akaliinua boksi watu waone, na maikrofoni nilikuwa bado nimeishika, kwa hiyo kila mtu alimsikia Mama Magdalena akisema, "Baba Boay, kumbe jicho lako ndilo hilo."

Walicheka hadi waamuzi. Kwaya iliimba bila gitaa, wimbo uliotungiwa gitaa, ikawa ya pili kutoka mkiani. Arusha wakaenda wengine.

Tulirudi gari moja. Tulipofika nikamwambia Danieli mbele ya wote, "Vidole vyako havina kosa. Nilikusingizia."

"Nilijua, babu. Nilipiga gitaa la jirani, halikuvuma."

"Mbona hukusema?"

"Ungekubali?"

Asubuhi nilikwenda kwa Seif, nikamwamkia mimi kwanza, akanitafutia vipande viwili vya kioo kinene vilivyobaki alipokata vya meza, bei ya soda tu. Nikavibana uso kwa uso, nikatazama ubavuni vinapokutana, juani, mwanga haukupenya katikati yake. Nikang'oa vyuma vyote vya gitaa, nikaweka vipya, nikabandika msasa kwenye kioo na kuvisawazisha taratibu, na siku hizi linaimba. Nimeapa kutopima kitu kwa rula ambayo haijapimwa, na kutomlaumu mpigaji kabla sijamaliza kujilaumu mimi.

Leo nina nyumba ya matofali ya vyumba vinne. Nina ekari mbili na nusu, ng'ombe watatu, karakana yenye umeme, randa sita na vioo viwili. Na ukutani kuna gitaa la kwaya, si langu lakini nalihesabu, maana Danieli amelileta jana kwa miguu yake, nilipime kabla ya tamasha la mwaka huu.