Kompyuta ya lita kumi niliyomjengea mzee ilikuwa inazima kwenye mteremko uleule

Wakuu, heshima mbele. Waliotutangulia shikamooni, rika langu mambo vipi.

Haya yamenikuta mimi mwenyewe, hapa hapa Arusha. Majina nimebadilisha na kipande kimoja cha barabara nimekificha, mengine yote nayasimulia kama yalivyotokea. Naandika kwa sababu mpaka leo sijui kama nilimsaidia baba yangu au nilimtonesha kidonda.

Mimi ni fundi wa majokofu. Natengeneza vyumba vya baridi kwenye mashamba ya maua na mboga. Joto na baridi ndiyo ugali wangu, na utaalamu huo huo ndio ulioniponza.

Nimepanga Elerai. Wazazi wako juu ya Tengeru, kwenye migomba na kahawa za ukoo.

Mzee alikuwa dereva wa malori miaka mingi, ameshika njia karibu zote za nchi hii. Siku alipoacha, sisi watoto tuliambiwa gari limeuzwa na mzee amechoka. Tukaamini. Akarudi shambani, maisha yakaendelea.

Mwaka juzi akapata kiharusi.

Mungu akasaidia, mdomo ukarudi, mguu ukarudi kiasi. Mkono wa kulia ukagoma. Hospitali wakampa kampira laini awe anakaminya kila siku. Alikaminya siku mbili, ya tatu akakatupia mbwa. Akasema yeye si mtoto wa chekechea.

Ikawa ni kukaa sebuleni anatazama TV iliyozimwa. Mama akanipigia simu: "Eliya, baba yako anaondoka huku amekaa."

Wakuu, maneno hayo yalinikosesha raha.

Sasa, kuna jamaa yangu mjini ana usukani wa kuchezea game. Siyo toy. Ule usukani una mota ndani, ukikata kona unakaza mkononi kama wa gari lenyewe. Nilipoushika tu nikamuwaza mzee. Kuna game la kuendesha malori, unabeba mzigo, unasafiri masaa. Nikasema huyu mtu mpira hautaki, lakini usukani ataukataa?

Kompyuta yenyewe nilitaka iwe ndogo kwa sababu mbili. Kwanza sebule ya mama mnaijua hata kama hamjafika: makochi, kabati, meza kubwa, hakuna pa kuweka kitu. Pili internet ya kule juu ni ya kubembeleza, kwa hiyo kila ikitaka update ningelazimika kuibeba mgongoni mpaka Elerai.

Wenye fani wanajua, hizi ndogo makasha yake hupimwa kwa lita. Nikamwambia mzee, "Baba, nakutengenezea kompyuta ya lita kumi."

Akanitazama. "Lita kumi za nini? Inakunywa dizeli?"

Ulikuwa utani wake wa kwanza tangu atoke hospitali. Nikajua lazima niimalize.

Kujenga kitu kidogo chenye nguvu ni mateso, nisiwafiche. Kila kitu ni milimita. Graphics card ya kwanza niliyoagiza Dar, ile kadi inayochora picha, iligoma kuingia, ilikuwa nene kuliko nafasi yake kwa unene wa kisanduku cha kiberiti. Nikairudisha. Power supply, kile kifaa cha kuigawia mashine umeme, inatakiwa ile fupi, Arusha nzima nilizunguka sikuipata, ikaja kwa mtu aliyetokea Nairobi. Waya zikijaa feni haizunguki. Nilifungua na kufunga hilo kasha mpaka skrubu zikaanza kulegea.

Ilipowaka, wakuu, nilicheka peke yangu. Kitu kinaingia kwenye begi la shule na kinasukuma game zito bila kukwama.

Nikaipeleka kwa wazee. TV yao ikawa screen, usukani nikaubana kwenye meza, gari nikachagua la usukani wa kulia. Soketi ya sebuleni ilishajaa TV na friji, nikavuta extension kutoka chumbani kwao, ikapita chini ya pazia.

Mzee akakaa. Mkono wa kushoto akaushika usukani. Wa kulia akauinua kwa ule wa kushoto, akauweka mahali pake kama anaweka kitu cha mtu mwingine.

Akaondoa gari. Kona ya kwanza, vile vidole vikajikunja vyenyewe.

Mama alitoka nje. Nilimsikia anapenga kamasi.

Wiki tatu zilikuwa nzuri. Mzee anaamka, anakunywa chai, anaingia barabarani. Akaanza kushika kijiko kwa mkono wa kulia. Akaanza kugombana na madereva wa kwenye game kwa maneno ambayo humu nitafungiwa nikiyaandika.

Halafu simu. "Imezima."

"Imezimaje, baba?"

"Imezima tu. Nilikuwa nashuka mlima, puu."

Umeme upo, TV inawaka, imeandika tu kwamba haipati signal. Baada ya dakika kumi akabonyeza ikawaka kama haikuwa na tatizo. Kesho yake tena. Mlima uleule, mteremko mrefu wenye korongo kushoto.

Wakuu, mimi nikaona nimeshapata jibu. Pale kwenye mteremko kuna miti mingi, ukungu na milima ya mbali, graphics card inatumika sana. Ikitumika sana inapata joto. Kasha dogo, hewa finyu, joto. Kazi yangu hiyo!

Nikapanda Jumamosi. Nakuta mama ameifunika kitambaa cha kufuma, kile cheupe cha maua, kimeziba matundu yote ya juu. Nikacheka sana. Nikamwelekeza, akaelewa, kitambaa kikahamia kwenye redio.

Jumatatu simu. "Imezima."

Nikaibeba mpaka Elerai. Nikaendesha mteremko ule mara ishirini, haizimi. Nikairudisha, ikazima. Nikabadilisha thermal paste, ile dawa ya kupitisha joto. Nikapunguza umeme wa graphics card. Nikabadilisha power supply nzima. Nikaweka program ya kurekodi joto kila sekunde. Ikizima, naangalia rekodi: joto la kawaida, umeme wa kawaida, feni zinazunguka, halafu kimya. Hakuna dalili hata moja. Kama mtu aliyekatwa sentensi katikati.

Nikiwepo mimi haizimi. Akiendesha njia nyingine haizimi. Mteremko ule tu, na mimi nikiwa sipo.

Nilifika mahali nikaanza kuhisi mambo ya ajabu. Mimi, fundi! Nikamuuliza mzee kama kuna mtu wa ukoo aliyeingia sebuleni akaiangalia vibaya. Akaniuliza kama nimekula.

Basi Jumamosi moja nikapanda tena, nikatest, ikakubali, nikaaga. Nimeshafika barabarani nikakumbuka multimeter yangu ya kupimia umeme nimeiacha baraza ya nyuma. Nikarudi kwa njia ya migombani, inayopita dirishani kwa chumba chao.

Dirisha lilikuwa wazi. Mama amesimama ndani, sikio karibu na pazia la mlangoni, mkono uko kwenye swichi ya soketi.

Sebuleni namsikia mzee. Anaongea na mtu.

"Saning'o, shikilia. Usiruke. Nimesema usiruke, kaa hapo hapo."

Mama akabonyeza swichi.

Mlio wa lori ukakatika. Kisha mzee akashusha pumzi ndefu.

Nilisimama pale kwenye migomba mdomo wazi. Mama alipogeuka akaniona. Akaweka kidole mdomoni, akatoka kwa mlango wa nyuma.

"Mama, ni wewe?"

"Ni mimi."

"Siku zote?"

"Akianza kuongea na yule marehemu tu. Akitulia naiwasha tena. Vinginevyo simgusi."

"Marehemu gani?"

Hapo ndipo nilipolijua jambo ambalo wazazi wangu walikuwa wamelifungia miaka na miaka. Saning'o alikuwa utingo wa mzee, msaidizi wake kwenye lori, kijana wa Ngaramtoni. Kwenye mteremko mmoja, njia ya kusini, wenye korongo kama ule wa kwenye game, breki zilikata. Mzee akamwambia ruka. Akaruka. Hakuinuka. Mzee akabaki na gari, akalichomeka kwenye ukingo wa udongo, akatoka na mchubuko kwenye paji la uso.

Hakwenda kuzika. Alishindwa. Tangu siku hiyo hajakanyaga Ngaramtoni, na lori hakulishika tena.

"Kwa nini hukuniambia, mama? Nimebadilisha mpaka power supply."

"Ningekuambiaje? Ulivyohangaika na kale kasanduku. Na mkono nauona unarudi. Nikasema aendeshe, ila pale asifike. Daktari alisema presha isipande." Akanishika mkono. "Wewe iondoe hiyo barabara, mwanangu. Si unaweza?"

Ninaweza. Ni kazi ya dakika tano. Na hapo ndipo nilipochanganyikiwa kabisa.

Nikiiondoa, mzee atajua. Nikiiacha, mama ataendelea kusimama pale chumbani na mkono kwenye swichi. Nikiondoa kompyuta yote, mkono unarudi kulala. Wiki nzima nilikuwa nazunguka kwenye vyumba vya baridi vya watu sijui nafungua nini nafunga nini.

Mwisho nikampeleka mzee kupima presha, ikawa imetulia. Tulipofika nyumbani nikamwambia ukweli. "Baba, mashine haina ugonjwa. Mama ndiye anazima."

Akageuka akalitazama pazia la mlango wa chumbani.

"Anasikia ninachosema pale?"

"Anasikia."

"Basi aje akae hapa." Akaonyesha kochi la kushoto kwake. Upande wa utingo.

Mama alikuja na kanga yake, akakaa kwa kujibana kama mgeni. Mzee akaondoa gari. Mimi nilikuwa nyuma nimesimama, sijui niangalie screen au niwaangalie wao.

Mteremko ukaanza. Mzee akapunguza gia. Nikaona bega lake limepanda, vidole vya kulia vimeukamata usukani.

"Usiruke," akasema.

Mama aliniangalia mimi, mimi nikaangalia chini. Kisha nikamsikia anajibu, taratibu kabisa, "Siruki, Baba Eliya. Endesha."

Akaendesha. Kona moja, ya pili, ya tatu. Korongo likaisha, barabara ikanyooka. Akasimamisha gari pembeni, akawasha zile taa za hazard, akalia. Mzee wangu, wakuu. Mkono ule uligoma kuachia usukani, mama akawa anambandua kidole kimoja kimoja.

Siku mbili baadaye akaniambia nimpeleke Ngaramtoni.

Tulimkuta mama yake Saning'o uani kwake, bibi mtu mzima, anapepeta maharage. Mzee akamwamkia, akamwita Yeyo, yaani mama kwa Kimaasai, akajitambulisha. Bibi aliacha kupepeta.

Swali lake lilikuwa moja. "Aliruka mwenyewe, au ulimwambia?"

Mzee akasema, "Nilimwambia mimi. Alikuwa hataki. Nilimfokea."

Mimi nikajua tumekwisha.

Bibi akaweka ungo chini. Akasema, "Miaka yote hii watu wa hapa wananiambia mwanangu alimkimbia bosi wake. Kwamba aliruka kwa woga." Akavuta kanga akajifuta uso. "Kumbe alitii."

Akanyanyuka akaingia jikoni. Tukabaki pale uani, mimi sijui kama tumefukuzwa au tumekaribishwa. Baadaye akatoka na chai ya maziwa, vikombe vitatu. Tukanywa. Hakuna aliyesema neno la msamaha. Wakati tunaondoka alimwambia mzee kitu sikioni, na mzee mpaka leo hajaniambia.

Ndiyo hivyo wakuu.

Kwa mafundi wenzangu, nililojifunza ni hili: kabla hujanunua spea, waulize watu wa ndani ya nyumba. Kaa nao unywe chai. Mimi nilisoma rekodi za joto za kila sekunde, mama yangu mzazi sikumuuliza swali hata moja.

Lakini hilo la ufundi ni jepesi. Linalonisumbua ni jingine. Mzee sasa anashika kikombe kwa mkono wa kulia, anafunga vifungo vya shati mwenyewe. Na bado kila Jumapili akitoka kanisani anaushuka mteremko ule, mama akiwa kushoto kwake. Siku nyingine wanafika chini wanacheka. Siku nyingine analia hadi anashindwa kula. Ndugu wengine wananiambia niiondoe hiyo kompyuta, mzee aachwe apumzike. Mama, ambaye mwanzoni ndiye aliyekuwa anazima, sasa ndiye anayesema isiondolewe.

Wewe ungekuwa mimi ungefanyaje? Hasa nyie madereva, na waliowahi kuuguza mtu wa kiharusi. Semeni bila kunionea haya, nasoma zote. Wa specs pia ulizeni, nitawajibu, ila anzeni na hilo la mzee.