Maksai Mpole Kupita Kiasi

Msimu uliopita maksai wetu mmoja, chotara mkubwa mweusi, alimgeukia mume wangu shambani akamvunja mbavu tatu. Yule shetani tulimpeleka kwa mchinjaji. Lakini plau yetu haivutwi na ng'ombe mmoja, na mvua zilikuwa karibu, kwa hiyo asubuhi moja tulitoka Dabani kwenda mnadani upande wa Tororo kumtafutia mwenzake yule aliyebaki. Nilikuwa na neno moja tu kichwani: mpole. Mume wangu akiumia tena, sijui kama atainuka.

Kwetu mume wangu ndiye hutangulia mbele ya ng'ombe na kamba, kaka yake hushika plau, nami huja nyuma nikidondosha mbegu. Kwa hiyo ng'ombe nawajua kwa matako yao, na sioni haya kusema nawajua kuliko wanaume wengi. Wa kienyeji, wale wadogo wenye nundu, hushtuka upesi na kusahau upesi. Chotara hunyamaza, hunyamaza, kisha siku moja anakulipa yote. Mtu asibishane nami.

Mnadani mume wangu alimpita mwekundu mmoja wa kienyeji bila hata kumtazama, akaenda moja kwa moja kwa chotara mwingine, bonge la mnyama. Moyo wangu ukapiga pa!

"Tena huyo?"

"Tulia, mama watoto."

Akamshika pembe, akamvuta sikio, akamwinua mguu. Ng'ombe kimya.

"Mama, hii iko pole kabisa," muuzaji akasema. "Hata mtoto nashika."

Nikasogea. Nzi walikuwa wamejaa machoni pake, na kope haichezi! Ng'ombe mpole hukutazama, hukunusa, kisha anarudi kucheua. Huyu hakuwa anacheua. Nikainamia mdomo wake, harufu ikanipiga: malwa, pombe ya ulezi. Huku kwetu malwa ikiisha chunguni, machicha yake, yale mabaki ya ulezi, hutupiwa kuku na nguruwe. Huyu alikuwa amelishwa beseni zima.

"Amelewa," nikasema.

Watu wakaangua kicheko. Mume wangu hakucheka, aliona nimemwaibisha. "Sasa hata ng'ombe unamsingizia ulevi?"

"Basi tungoje pombe imtoke. Mimi sibanduki hapa."

Tukangoja. Jua likapanda. Muuzaji akaanza kuangaza macho huku na huku, akadai ana wateja wengine. Waje basi, nikamwambia. Mume wangu akaenda kusimama kando ya yule mnyama, kampa mgongo makusudi, kunikomoa tu. Nikamwomba atoke. Hakutoka. Nilimchukia wakati ule, na nilimwogopea. Nikaona sikio la ng'ombe limecheza. Kisha mkia. Kisha nzi wote wakaruka kwa mpigo.

"Toka!" Nilimvuta shati mpaka likachanika. Pembe ikapita pale pale kiuno chake kilipokuwa, ikagonga nguzo, nguzo ikalala chini. Muuzaji akaning'inia kwenye kamba akipiga mayowe, na hakuna aliyecheka tena.

Tukamchukua yule mwekundu. Alininusa mkono, akapiga chafya, akaendelea kucheua. Njiani hasira ilikuwa bado haijanitoka.

"Ulikuwa unatafuta nini kwa yule mkubwa? Ulitaka nibaki mjane?"

Aliizungusha kamba ya yule mwekundu kiganjani. Kisha akasema bila kunitazama, "Nilitaka watu wasijue naogopa. Hata huyu mdogo namwogopa. Kila asubuhi nikiiona nira, natetemeka."

Mie miezi yote hiyo nilidhani ni mbavu zinazomnyima usingizi.

"Lete kamba," nikamwambia. "Shambani nitatangulia mimi."

Akanipa. Nikaizungusha mkononi, nikatangulia mbele ya yule mwekundu, na kila hatua nikawa nageuka kutazama pembe zake.