Ekzosi Mpya ya Mume Wangu

Mume wangu alikuwa na gari dogo jeupe alilolipenda kupita kiasi. Juma moja alilipeleka kwa fundi wa Chaani, sailensa ya kiwandani ikakatwa, ikachomelewa ekzosi nyingine, bomba pana la moshi, lenye kishindo. Aliporudi tulimsikia kabla hajaingia mtaani.

"Sasa linapumua," aliniambia. "Ukikanyaga mafuta laruka."

Jumapili tukamchukua mamake, tumrudishe kwake Likoni. Tulipofika kwenye foleni ya feri, mvua ikamwagika. Tukafunga vioo. Magari hayakusonga. Mume wangu hakuzima injini, alitaka kiyoyozi, na kila mara alikanyaga mafuta kidogo ausikie ule mngurumo.

Kichwa kikaanza kunigonga. Nikadhani ni njaa. Niligeuka nyuma kumuuliza mamamkwe kama ana maji. Alikuwa ameegemea kioo, mtandio umemteleza, naye si mtu wa kukaa kichwa wazi.

"Mama?"

Hakufumbua macho.

"Amelala," mume wangu akasema. "Yuko macho tangu alfajiri."

"Mama!" Nikamtikisa goti. Kichwa kikaangukia kifuani. Hapo ndipo nikahisi ulimi wangu nao mzito, na kichefuchefu kinapanda.

"Zima gari!"

"Na joto hili?"

"Zima, wallahi tutakufa humu!"

Nikafungua mlango. Nikajikokota kwa kushika gari hadi mlango wa nyuma. Dereva wa lori lililotufuata alishuka mbio, yeye na mume wangu wakamtoa mama, wakamlaza juu ya leso yangu, barabarani, mvuani.

"Mama, niitikie," mume wangu alikuwa akisema. "Niitikie, mama."

Sijui ilichukua muda gani. Alikohoa, akatapika, akafungua macho.

"Mbona mwanirowesha?" akauliza.

Hospitali walimpa hewa ya oksijeni, wakatuambia ni moshi wa gari.

Kesho yake fundi mwingine alilipandisha gari juu. Chini ya kiti cha nyuma, mshono wa ekzosi mpya ulikuwa umeachia, na juu yake sakafu imeliwa na kutu. Mume wangu aliingiza kidole kwenye ule ufa. Akabaki amechutama pale mpaka fundi akamuuliza kama yu mzima.

"Nirudishie ekzosi ya kawaida," akasema.

Mamamkwe alilipanda tena gari lile mwezi huohuo. Mimi ilinichukua muda zaidi.