Chesi kwa Baba Mkwe

Mimi ni mtu wa nyumbani. Pale kwetu Kwa Vonza watu walijua kwamba ukinikosa kwenye kibaraza changu, nikitengeneza redio ya mtu, basi nimelazwa hospitali. Kwa hivyo mke wangu alipofunga nguo zake na kurudi kwao Kilungu, akisema amechoka kwenda peke yake kwa kila sherehe ya ukoo kama mjane, nilikaa siku tisa nikitumaini baridi ya milimani itamchosha arudi mwenyewe. Hakurudi. Siku ya kumi nikavaa koti la harusi, nikaenda kumchukua.

Baba mkwe alinipokea vizuri. Alinikalisha kwenye veranda, akauliza habari za mvua, halafu akatoa sanduku la mbao. Alikuwa amestaafu ukarani bandarini Mombasa, na huko ndiko alikofunzwa chesi. Tangu arudi nyumbani hakuwa amepata wa kucheza naye, maana Kilungu nzima ilikuwa na shughuli.

"Unajua hii?"

"Nitajifunza, baba," nikasema, nikidhani ni jambo la robo saa.

Kwetu mkwe haanzishi maneno. Ukija kumfuata mke, unakaa mpaka mwenye boma akuulize kilichokuleta. Basi nikakaa. Siku ya kwanza hakuuliza. Siku ya pili pia hakuuliza, alipanga tu vipande. Hata kutembeatembea sikuweza, kwa sababu ya nthoni, ile heshima ya mkwe na mama mkwe kutokutana uso kwa uso. Mama mkwe alikuwa ameokoka miaka mingi, lakini bado alikohoa kabla ya kukatiza uwanja ili mimi niangalie ukuta. Na choo kilikuwa upande wa jikoni kwake. Nilikunywa chai kidogo sana siku hizo.

Mke wangu alikaa mwisho wa veranda akibambua mbaazi, mgongo kwangu. Mgongo ule niliujua. Ulikuwa unasikiliza.

Shuleni nilikuwa nimesifika kidogo kwa drafti, ile ya vifuniko vya soda, na katika drafti yetu ukipewa cha kula, lazima ule. Kwa hivyo baba mkwe akisogeza askari mbele ya malkia wangu, nilimla kwa malkia, na farasi wake akamla malkia. Kila mchezo. Nilimwona yule farasi amesimama pale akingoja, nikajua malkia anaenda kufa, nikasikitika, nikala. Sheria ni sheria. Nilishindwa mara kumi na moja, na baba mkwe akaanza kuniangalia vile daktari anavyomwangalia mgonjwa.

"Unacheza kama mtu anafukuzwa," aliniambia.

Siku ya tatu, Alhamisi, askari akaja tena. Nikanyoosha mkono kwa malkia.

"Sasa huyu lazima nimle."

Mgongo ukatikisika. Ulikuwa unacheka.

"Baba, kwani hukumwambia?"

"Nimwambie nini?"

"Hiyo si drafti! Anafikiri ni lazima ale."

Baba mkwe akavua miwani. "Lazima? Nani alisema?"

"Si ni sheria, baba," nikasema.

"Wacha! Na mimi nilidhani unaniheshimu, unaniachia nishinde."

"Siku tatu anakuletea malkia kama mtu analeta mahari," mke wangu akasema, na mbaazi zikamwagika kwa kucheka.

Nikarudisha mkono. Nilimwangalia yule askari, nikauangalia ule mgongo, na maneno yakanitoka kabla sijayashika.

"Baba, nimekuja kumchukua mke wangu."

Huko jikoni sufuria iliyokuwa ikisuguliwa ilinyamaza.

"Ningekuuliza siku ile ya kwanza," baba mkwe akasema, akipangusa miwani pole pole. "Huyu ndiye alinikataza. Alisema, 'Usimuulize kitu. Tuone atakaa siku ngapi nje ya nyumba yake.'"

Hapo ndipo mke wangu alipogeuka. Uso wake nilikuwa sijauona kwa karibu wiki mbili, na sitasema nilivyojisikia.

"Nilitaka ukae wiki moja," akasema. "Ukisema siku tatu ni nyingi, barabara unaijua."

"Na baada ya wiki?"

"Jumapili tunaenda kanisani. Wageni wakiambiwa wasimame, utasimama. Utasema umeoa kwa nani, kwa sauti, watu wa kwetu wajue niko na bwana. Jumatatu twende."

Mimi, ambaye hata kwetu hukaa benchi la nyuma karibu na mlango.

"Sawa," nikasema.

"Sijasikia."

"Nimesema sawa!"

Mama mkwe alikohoa jikoni, ingawa hakuwa anaenda popote. Mke wangu akainama kuokota mbaazi zake, safari hii akiwa ametuelekea, ili aone mchezo.

"Ni zamu yako," baba mkwe akanikumbusha.

Sikumla yule askari. Nilimsogeza malkia pembeni, mbali na farasi, nikakaa wima kama mtu aliyesoma. Baba mkwe aliutazama ubao kwa muda mrefu, akanisifu, kisha akamla malkia kwa ngome.